Mugio wa Yeni Mia Tatu

Alikufa kipindi cha saba,
ndiyo maana bei yake nafuu.
Wenzake wa Kikosi cha Mvua wamo ndani ya vioo,
wana taa zao, wana vibao vya tarakimu tano,
nami huwapita kama mtu apitaye duka la dhahabu
huku akipapasa mfuko kuona kama nauli ipo.
Mugio yuko chini, kwenye kapu la plastiki,
kati ya roboti asiye na goti
na binti wa nywele za waridi aliyechubuka pua.
Mbeba mizigo. Hata wimbo wa mwanzo
haumwonyeshi uso.

Nafanya kazi usiku, Higashi-Osaka,
kiwanda cha vyakula vya boksi:
naweka plamu ya chumvi katikati ya wali,
moja, moja, moja,
hadi alfajiri.
Natoka na harufu ya siki vidoleni
na sarafu za mia mia zikinigonga pajani,
nazipeleka Nipponbashi, kwenye mashine
zilizopangwa ukutani kama kuku wa mayai.
Tia tatu, zungusha mkono, krr, krr,
yai linaanguka.
Namtaka Mugio aliyeketi.
Napata Mugio aliyesimama.
Tena: aliyesimama.
Mtaka cha uvunguni sharti ainame,
nami nimeinama mpaka kiuno kinalia,
na yai linafunguka: kasimama.
Sasa wako wanne dirishani kwangu
kama watu wanaongoja daktari.

Dada yangu Wakana, aliyeolewa na mtu wa bima,
huuliza vinyago hivi vina faida gani.
Namwambia: havili, havilii, havidai kodi.
Mengine simwambii.
Kwamba Jumapili nawaogesha kwa mswaki mkuukuu,
maana plastiki ikizeeka hutoka jasho,
hunata kama pipi iliyolambwa.
Kwamba jua la alasiri lilimfifisha wa kwanza,
koti la buluu likawa kijivu,
nikamgeuzia ukutani,
nikaona vibaya, nikamgeuza tena.
Kwamba mkono niliomuundia mmoja
kwa kijiti cha meno na gundi
ulinichukua mwezi.

Lakini aliyetembea nami ni yule wa cheni ya funguo.
Wa mpira, urefu wa kidole gumba,
shavu limekwaruzika
kwa kugombana na ufunguo wa baiskeli.
Jumanne moja ya Novemba nafika mlangoni, napapasa:
funguo zipo, pete ipo,
Mugio hayupo.

Stesheni, dirisha la vilivyopotea,
Bwana Kuramochi wa glavu nyeupe akachukua fomu.
Rangi? Buluu.
Urefu? Nikamwonyesha kidole.
Thamani?

Nilifungua mdomo, nikaufunga.
Yeni mia tatu, nikasema.
Aliiandika kwa mwandiko mzuri, tarakimu kwa tarakimu,
kana kwamba ni hati ya nyumba.
Hakucheka. Akaniletea trei:
paka, dubu, samaki, viatu vidogo vya mpira wa miguu,
mapenzi ya watu wote yaliyokatika cheni.
Wangu hamo.

Siku nne. Ya tano ikanyesha.
Nakokota baiskeli nyuma ya karakana ya skrubu,
kando ya ule uzio wa kijani wa maegesho,
na huyu hapa,
ananing'inia usawa wa macho.
Mtu kamfunga kwa kiwaya cha mfuko wa mkate,
kisha kamvisha kifuko cha nailoni,
kakipiga fundo
asilowe.

Asilowe! Mugio wa Kikosi cha Mvua,
aliyezama kipindi cha saba
na mizigo ya wengine mgongoni.

Nilisimama pale mpaka glavu zikalowa.
Kifuko sikukivua, hadi leo anacho.
Kesho yake nilipita tena
na mmoja wa wale wanne,
nikamfunga palepale, usawa wa macho.

Ijumaa hakuwepo.